Mkuu, hiyo nyumba ya chini usimpe wa kwanza kwenye orodha

Mkuu uliyeanzisha uzi, umeuliza mambo manne: wapangaji wanaochelewesha kodi, kelele za watoto zinazowakera wazee, mbwa wa mpangaji mmoja, na mafundi wasiofika. Sawa. Ila katikati umechomeka sentensi moja kama jambo dogo tu. Umesema jengo la nyumba za umma ulilokabidhiwa huko Marekani lina nyumba ya ghorofa ya chini "ya walemavu" iliyo wazi, na Jumatatu unamkabidhi funguo mama mwenye watoto wanne kwa sababu ndiye anayeongoza orodha ya kusubiri.

Usimpe. Mengine yatangoja.

Hiyo picha mimi nimeshaicheza, tena kama steringi. Wanasema steringi hafi. Mimi nilikufa mapema kabisa, watu hata hawajamaliza kutafuta viti.

Nilikuwa mgeni kazini kama wewe, jengo la mchanganyiko: familia, wazee, watu wenye ulemavu. Ikabaki wazi nyumba ya chini yenye milango mipana, sinki lililoshushwa, na bafu la kuingia na kiti cha magurudumu bila kizingiti. Bosi wangu wa kanda (jina nalihifadhi, ingawa hastahili) alikuwa na msemo wake: "Orodha haina macho." Maana yake, chukua wa kwanza, ukimruka umebagua, na kila usiku nyumba ikilala tupu kodi inapotea. Na kweli HUD, wizara ya nyumba na maendeleo ya miji, inazipima mamlaka za nyumba kwa kiwango cha nyumba zinazokaliwa, kwa hiyo presha ilikuwepo. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu aliyesoma kanuni. Hakuwa amezisoma. Sijui alikuwa amesoma nini, labda menyu.

Kanuni zenyewe zinasema kinyume. Kifungu cha 504 cha Sheria ya Urekebishaji ya mwaka 1973, pamoja na kanuni za HUD za mwaka 1988 zinazokitekeleza, vinataka nyumba yenye miundo ya ulemavu ikiwa wazi, kwanza uitoe kwa mpangaji aliyemo tayari kwenye mradi wako ambaye anaihitaji miundo hiyo na anaishi kwenye nyumba isiyo nayo. Akikosekana, unaenda kwenye orodha ya kusubiri kumtafuta mwombaji anayestahili na anayeihitaji, hata kama yuko chini sana. Ni wote hao wakikosekana ndipo unamfikia huyo wa kwanza asiyeihitaji. Orodha ina macho, bosi. Ina macho na miwani.

Na nyumba hizi ni chache mno. Katika miradi mipya, na ile inayokarabatiwa kwa kiwango kikubwa, kinachodaiwa ni angalau asilimia 5 kwa wenye shida ya kutembea, na asilimia 2 nyingine kwa wasiosikia au wasioona. Jengo la nyumba 100 basi lina 5 na 2. Ukiikosea moja umefunga sehemu ya tano ya mlango wote.

Basi nikampa familia. Watu wema, watoto wachangamfu, bafu pana likageuka uwanja wa kuchezea. Haukupita muda, mzee wetu wa ghorofa ya tatu, mpangaji wa miaka mingi asiye na deni hata senti, akakatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Jengo halina lifti. Hospitali ikampigia simu mtu wa kuulizwa, yaani mimi: arudi wapi? Sikuwa na jibu. Mzee akapelekwa kituo cha uangalizi, akakaa huko huku analipia nyumba asiyoweza kuifikia.

Nikaenda kuiomba familia ihame. Hapa ndipo msumari wa pili ulipo, na ndio ulioniumiza zaidi. Kanuni hizohizo zinakuruhusu, unapompa nyumba hiyo mtu asiyeihitaji, umtake akubali kuhamia nyumba ya kawaida itakapopatikana na itakapohitajika, na kukubali kwake unaweza kukuandika ndani ya mkataba. Mimi sikuandika. Bosi aliniambia vifungu vya ziada "vinawatisha wapangaji". Mama yule akanijibu kwa upole kuwa watoto wameshaanza shule na mkataba wake hausemi lolote kuhusu kuhama. Alikuwa na haki asilimia mia.

Yakaja malalamiko rasmi, wakaja mawakili wa msaada wa kisheria, na wao kanuni walikuwa wamezisoma. Mwisho wake mamlaka ikagharamia kuvunja bafu la nyumba nyingine ya chini, kupanua milango na kumwaga zege la njia ya mteremko, juu ya fidia. Na usidhani gharama ya namna hiyo ungemtupia mpangaji. Kwenye nyumba za kukodi za watu binafsi mara nyingi mpangaji ndiye hulipia marekebisho, lakini kwenye nyumba za umma mzigo ni wa mamlaka, isipokuwa ithibitishe kwamba unailemea kupita kiasi. Bosi wangu alipandishwa cheo. Mimi nilipelekwa semina. Nilipewa na cheti, nimekitundika chooni.

Watakuja wadau hapa kusema "mpe tu mzee yeyote". Hapana. Umri si kigezo. Kuna bibi wa miaka 75 anapanda ngazi kuliko mimi, na kuna mtoto wa miaka sita anayetumia kiti cha magurudumu. Inawezekana hata huyo mama wa watoto wanne ana mtoto wa namna hiyo, wewe hujamuuliza! Kuuliza kunaruhusiwa, mradi unawauliza waombaji wote swali lilelile: unahitaji nyumba yenye miundo hii? Usichimbe ugonjwa gani, tangu lini. Na mpangaji akikuambia kwenye korido kwamba ngazi zinamshinda, hilo tayari ni ombi. Usimwambie akalete fomu kwanza.

Kodi: mpangaji wa nyumba za umma kwa kawaida hulipa kama asilimia 30 ya kipato kilichorekebishwa, yaani kinachobaki baada ya kutoa makato yanayoruhusiwa, kwa hiyo kabla ya barua ya kufukuza angalia kama kipato kimeshuka na hakuna aliyeandika kipato kipya kwenye faili. Mbwa: kama ni wa kumsaidia mwenye ulemavu, huyo si mnyama wa kufugwa, usimtoze amana. Kelele na mafundi wengine watakujibu, mimi bado niko kwenye bafu.

Jumatatu fanya hivi. Funguo zibaki droo. Bandika tangazo na pitisha barua kila mlango, uulize nani anaihitaji nyumba yenye miundo hiyo, kisha andika tarehe na majibu. Halafu pitia orodha yote ya kusubiri, usiishie ukurasa wa kwanza. Kila hatua iwe kwenye faili, maana siku moja mtu atalifungua. Huyo mama hapotezi nafasi, anabaki wa kwanza kwa nyumba ya kawaida itakayofuata, mwambie hivyo kwa maandishi. Ukikosa kabisa mtu wa kuihitaji, mpe, ila kifungu cha kuhama kiwe ndani ya mkataba na akisome kabla ya kusaini. Sina hakika kama mamlaka yenu ina maneno yake ya kifungu hicho. Kama haina njoo inboksi nikupe yetu, tuliyoyaandika baada ya semina.