Uliza Ujibiwe: Savonlinna, mji wa ziwani

Toleo lililopita tuliutaja Savonlinna, mji mdogo wa mashariki ya Ufini uliojengwa juu ya visiwa vya ziwa Saimaa. Maswali yaliyotufikia ni haya.

Mimi ni wa Likoni. Kwenye visiwa vingi hivyo watu huvuka vipi? Na bamvua ikija, maji hayaingii majumbani? (Msomaji, Likoni)

Bamvua haiko huko. Saimaa ni maji matamu, yako kiasi cha mita 76 juu ya usawa wa bahari, na mwezi haupandishi wala haushushi kitu. Maji hupanda theluji inapoyeyuka, kisha hutoka taratibu kwa mto Vuoksi kuelekea ziwa Ladoga, Urusi. Ndiyo maana vibanda vya sauna (bafu ya mvuke) hujengwa hatua chache tu kutoka majini.

Visiwa vya mjini vimeungwa kwa madaraja. Nje ya mji, mfano Hätinvirta huko Puumala, kuna feri inayofuata waya wa chuma uliolazwa kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, hivyo mkondo hauipotezi njia. Halipi mtu wala gari, maana feri ile huhesabiwa kuwa kipande cha barabara. (Wenye magari wa Likoni, someni tena.)

Mwanangu anakwenda kusoma upande huo. Ameniambia watu hutembea juu ya ziwa! Barafu haivunjiki? (Mama wa Changamwe)

Huvunjika, mama, na kila mwaka huua. Lakini ina sheria zake, naye azijue kabla hajatia mguu.

Kwa kawaida ziwa hushika barafu mwezi wa Desemba na kuachia mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei. Barafu ngumu, safi, ya kung'aa kama kioo, yenye sentimita 5, hubeba mtu mmoja. Gari halifai chini ya sentimita 20. Barafu nyeupe iliyochanganyika na theluji ni dhaifu, hivyo unene unaotakiwa ni maradufu. Hakuna kukisia kwa macho: hutobolewa kwa keekee ndefu ya mkono, ukapimwa unene, na kila hatua kadhaa tundu jingine, kwa sababu ziwa moja huwa na barafu ya unene wa shubiri hapa na ya unene wa vidole viwili pale.

Pabaya ni chini ya madaraja, kwenye rasi, karibu na matete na penye mkondo. Mlango wa Kyrönsalmi, katikati ya mji, mkondo wake ni mkali hata haugandi vizuri katika majira ya baridi. Na ajihadhari zaidi na Aprili. Barafu bado nene, keekee inasema sawa, kumbe jua limeipasua ndani ikawa vijiti vilivyosimama wima kama mishumaa. Unene huo ni uongo mtupu.

Mwambie asitoke peke yake, na avae shingoni naskali: misumari miwili yenye mipini, iliyounganishwa kwa kamba. Akitumbukia, ageukie kule alikotoka, maana barafu ya huko ilishambeba. Achome misumari kwenye barafu, apige miguu kama anayeogelea mpaka alale kifudifudi, ajivute. Akishatoka asisimame, bali abingirike, asije akaivunja barafu tena. Simu ya dharura ni 112.

Wasomaji wawili wameuliza samaki hawafi chini? Hawafi. Maji huwa mazito zaidi yakifika nyuzi 4 za selsiasi, hivyo hayo huzama, na yaliyo baridi zaidi hubaki juu yakaganda. Barafu inakuwa blanketi.

Waislamu tule nini huko? (Msomaji, Mji wa Kale)

Anza na muikku, samaki mdogo wa ziwani wa kama sentimita 10 hadi 15, anayekaangwa sokoni palepale kando ya maji. Kwa nusu kilo: toa matumbo na vichwa, osha, kausha kwa kitambaa. Changanya nusu kikombe cha unga wa rai (nafaka jamaa ya ngano) na kijiko cha chai cha chumvi, viringisha samaki, kaanga kwa siagi dakika mbili au tatu kila upande. Hapa Mombasa tumia dagaa wakubwa wabichi na unga wa atta. Wakishikana na kikaango, basi walikuwa na maji, au uliwarundika wote pamoja sufuria ikapoa. Siagi ikiungua, itie mafuta kidogo.

Tahadhari mbili. Kalakukko huonekana mkate mweusi wenye samaki tu, lakini ndani hutiwa nyama ya nguruwe. Na lörtsy, andazi bapa la nusu mwezi ambalo ndilo fahari ya Savonlinna, huwa la nyama au la tufaha. La nyama uliza kwanza: *sika* ni nguruwe, *nauta* ni ng'ombe. La tufaha halina nyama.

Ngome yao ni ya zamani kuliko Fort Jesus? (Mwanafunzi, Kisauni)

Ndiyo. Olavinlinna ilianzwa 1475, Fort Jesus 1593. Zote zilijengwa kulinda mlango wa maji. Kila Julai uani mwake huimbwa opera.

Ni kweli kuna sili, wale wanyama wa baharini wanaonyonyesha, kwenye maji matamu? (Msomaji, Bamburi)

Kweli, na jamii hiyo ya sili wa Saimaa haipatikani kwingine duniani. Walitengwa na bahari ardhi ilipoinuka baada ya zama za barafu. Majike huzaa mwezi wa Februari ndani ya mapango ya theluji ufukweni. Mwaka wa theluji haba, watu hujitolea kuwarundikia theluji kwa koleo. Nyavu hupigwa marufuku kwenye maeneo yao kuanzia katikati ya Aprili hadi mwisho wa Juni, kwa sababu watoto wao hunaswa wakafa kwa kukosa hewa. Kwa hivyo mgeni anayetaka kuvua achukue mshipi na ndoana. Kwa mshipi usio na gurudumu la kukunjia uzi hahitaji kibali.