Pawabenki ndani ya begi kubwa: kosa hilo nimeshalilipia mimi

Fungua begi hilo usiku huu huu uitoe. Umeandika kwamba wiki ijayo unatoka Dar es Salaam kwenda Guangzhou, China, kupitia Dubai kwa ndege ya Emirates, kwamba pawabenki yako ya mAh 30,000 umeshaifungasha katikati ya nguo kwenye begi kubwa kwa ushauri wa wakala wa tiketi, na unauliza kama itapita na kama unaweza kuitumia angani. Nilipofika kwenye neno “wakala” nilishindwa kumaliza chai yangu.

Oktoba 2024 nilikuwa nakwenda huko huko kununua vitambaa vya sare za shule. Wakala wangu, bwana mwenye tai na kalenda tatu ukutani, aliniambia bila kupepesa macho: “Weka chini, ukibeba mkononi watakunyang’anya.” Ukweli ni kinyume chake. Betri ya lithiamu ikipata hitilafu hujipasha moto yenyewe mpaka ikawaka, na ikiwaka penye abiria wahudumu wataona moshi na kuimwagia maji, ilhali kule chini kwenye mizigo hakuna wa kuona wala wa kumwaga. Ndiyo maana pawabenki hairuhusiwi kabisa katika begi linalokwenda tumboni mwa ndege.

Mashine ya ukaguzi iliiona, begi likazuiwa, na jina langu likatangazwa kwenye vipaza sauti. Sikusikia, kwa kuwa nilikuwa mwisho wa ukumbi nimechuchumaa ukutani nikichaji simu. Naam, nilichaji ukutani kwa sababu pawabenki ilikuwa ndani ya begi. Chekeni haraka tuendelee. Mimi niliruka, begi likabaki, na ndani yake zilikuwamo sampuli za vitambaa ambazo shule nne zilinikabidhi. Nilizunguka soko la vitambaa la Zhongda siku tatu nikilinganisha buluu kwa picha za simu, na picha ya simu, ndugu yangu, haijui buluu. Nikalipia majora 60. Begi lilinifuata siku ya sita, nikaitoa sampuli, nikaiweka juu ya jora, nikakaa kitandani kimya. Shule tatu zilikataa mzigo. Nilipomrudia wakala, alisema sheria “zimebadilika juzi”, jambo ambalo ni uongo mtupu, maana katazo hilo lilikuwapo miaka mingi kabla hajanunua ile tai.

Kwa hiyo shika hili moja: pawabenki haikai mahali usipoweza kuifikia kwa mkono. Hata mlangoni mwa ndege, wahudumu wakikuambia ndege imejaa na begi lako dogo litapelekwa chini, itoe kwanza, kisha ndipo uwape begi. Hata ukishakaa usiitupe kwenye kabati la juu. Tarehe 28 Januari 2025 ndege ya Air Busan iliteketea ikiwa bado uwanjani huko Busan, Korea Kusini, moto ukianzia kwenye kabati la namna hiyo, na wachunguzi wakaeleza kwamba huenda chanzo kilikuwa pawabenki.

Na hiyo yako hata mkononi haitapita. Zidisha mAh 30,000 kwa volti 3.7 za betri iliyo ndani yake, gawanya kwa 1,000, utapata wati-saa 111, kipimo cha nishati ambacho mashirika ya ndege hukitazama. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025 Emirates humruhusu abiria pawabenki moja tu isiyofikia wati-saa 100, tena bila kuichaji wala kuchajia simu mkiwa angani. Iache nyumbani, uchukue ya mAh 20,000, ambayo ni wati-saa 74, na uhakikishe maandishi ya ubavuni yanasomeka, kwa sababu ofisa hatakubali kiapo chako. Ukipanda ndege ya ndani ya China, ujue kwamba tangu tarehe 28 Juni 2025 wanataka iwe na 3C, alama yao ya kuthibitisha usalama wa bidhaa. Isipokuwa nayo inabaki kwenye ukaguzi.

Lakini kwanza begi. Usisubiri asubuhi, asubuhi utasahau. Mimi majora 19 bado yako stoo Kariakoo, na mwenye shule inayopenda buluu isiyo na jina aje tuzungumze bei.