Anza na aliyebaki: kwa wanaoanza kazi ya mitaa Detroit

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kufufua mitaa iliyokimbiwa na watu nilipewa tableti, koti la kung'aa na ramani ya mtaa mmoja wa mashariki mwa Detroit, jimbo la Michigan, Marekani. Nipite kila kiwanja, niandike: hii ina watu, hii tupu, hii imeungua. Ilikuwa Januari. Nikafika kwenye nyumba ya matofali, dirisha moja limezibwa kwa mbao, ngazi za mbele zimebomoka, theluji ya mlangoni haina hata alama ya mguu. Nikaandika "tupu". Nilikuwa bado napiga picha pale bibi mmoja alipotokea kutoka uani, skafu kichwani, akaniuliza kwa utulivu nyumba yake naipigia picha ya nini. Ngazi zilipoanguka hakuwa na fedha za kuzijenga, kwa hiyo alikuwa akitumia mlango wa nyuma. Aliishi pale tangu alipoolewa.

Kosa lile sijalisahau mpaka leo. Ningeondoka dakika moja mapema, nyumba yenye mtu ingeingia kwenye orodha ya mahame, na orodha zile husomwa na watu wenye tingatinga. Wewe unayeanza kazi hii, shika hili kabla ya mengine yote: mtafute kwanza aliyebaki.

Utaelezwa Detroit kwa namba, na ni vizuri uzijue. Mwaka 1950 ilikuwa na watu karibu 1,850,000. Mwaka 2010 walihesabiwa 713,777, na mwaka 2020 wakawa 639,111, kwenye eneo lilelile la kilomita za mraba zipatazo 360. Julai 2013 jiji liliomba mahakamani kutangazwa kuwa limefilisika, likiwa na madeni ya takriban dola bilioni 18. Hakuna jiji jingine la Marekani lililowahi kufilisika kwa kiasi hicho. Wakati huo taa za barabarani karibu 4 kati ya 10 zilikuwa haziwaki. Mwaka uliofuata, baada ya watu kupita kiwanja kwa kiwanja, ripoti ilitaja majengo na viwanja 84,641 vilivyochakaa au vilivyokuwa njiani kuchakaa. Lakini namba hizo zote zinahesabu walioondoka na vilivyoharibika. Aliyebaki hazimtaji, wala hazisemi anabaki kwa nini. Hilo utalijua kwa kuuliza tu, ukiwa umesimama barazani kwake.

Na namna ya kuuliza ina adabu yake. Wamarekani Weusi wengi wa Detroit ni watoto na wajukuu wa waliotoka majimbo ya Kusini, na wazee huitwa Miss au Mister pamoja na jina la kwanza, kama sisi tunavyosema Bi Asha au Mzee Juma. Usimwite mzee kwa jina tupu. Na usishangae ukisikia "Habari gani?" kwa lafudhi ya huko. Ni salamu ya Kwanzaa, sikukuu inayoadhimishwa tangu 1966, ambayo misingi yake yote saba ina majina ya Kiswahili. Mara ya kwanza nilipoulizwa hivyo nilisimama nikakosa la kujibu. Mzee aliyenisalimu akanieleza ujima, mmoja wa misingi hiyo, maana yake nini, neno nililokuwa nikilisikia tangu utotoni, na akalieleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza: majirani kulichukua tatizo la mmoja kuwa lao. Mimi nilileta lugha, yeye alikuwa na miaka ya kuliishi neno.

Nirudi kwa yule bibi. Nilimwomba radhi, nikafuta nilichoandika, naye akanikaribisha jikoni. Akatoa kopo la biskuti lililojaa barua za kudai kodi ya majengo, nyingi hata hazijafunguliwa. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kazi yenyewe.

Nyumba nyingi za Detroit zilipotea kwenye karatasi kabla paa halijatoboka. Katiba ya jimbo la Michigan inasema thamani inayotozwa kodi isizidi nusu ya bei ya nyumba sokoni. Baada ya 2008 bei zilianguka vibaya, lakini makadirio ya jiji hayakushuka nazo. Uchunguzi wa gazeti la Detroit News uliochapishwa 2020 ulikadiria kwamba kati ya 2010 na 2016 wenye nyumba walitozwa zaidi ya walichostahili kwa angalau dola milioni 600. Ukikaa na deni la kodi miaka mitatu, kaunti ya Wayne, ambamo Detroit imo, inaweza kuichukua nyumba na kuipeleka mnadani, ambako bei ya kuanzia ilifika hata dola 500. Mtu wa mbali anainunua bila kuiona. Mwenyewe anatoka, mabomba yanaganda na kupasuka, wakwapuaji wanang'oa shaba, na kabla mwaka haujaisha ile nyumba iliyokuwa na mapazia imekuwa hame.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wengi wao hawakupaswa kulipa. Msamaha wa kodi kwa wenye kipato kidogo upo kwenye sheria, ila kwa miaka mingi ilibidi uombe upya kila mwaka, na watu chungu nzima hawakuwahi kuambiwa. Basi jifunze fomu ile mpaka uweze kuijaza umefumba macho. Jua kwamba sheria ya jimbo ya 2020 iliruhusu kuwapunguzia deni la nyuma waliokwisha kupata msamaha. Jua pia mpango wa Make It Home, ulioanza 2017 kati ya jiji na shirika la United Community Housing Coalition, ambao umezinasua kabla ya mnada nyumba zenye watu ndani na kuwauzia waliokuwa wakiishi humo.

Halafu uliza hati ina jina la nani. Swali hili huonekana la kipolisi, kwa hiyo lisiwe la kwanza, subiri chai iishe. Mara kwa mara utakuta hati bado ina jina la mama aliyefariki, na mtoto anayeishi humo hawezi kuomba msamaha kwa sababu kwenye karatasi yeye si mwenye nyumba. Kuna walionunua kwa mkataba wa kulipa kidogo kidogo, ambapo muuzaji anabaki na hati mpaka senti ya mwisho, na muuzaji huyohuyo halipi kodi. Kuna wanaompa kodi ya pango mtu ambaye si mwenye nyumba kabisa. Kila moja ya hali hizi ina njia yake ya kisheria, na mashirika ya msaada wa sheria yapo. Kazi yako ni kumsindikiza mtu mpaka mlangoni kwao. Ukimpa namba ya simu ukaondoka, hujamsaidia.

Kuhusu kubomoa, sisemi kusibomolewe. Nyumba iliyoungua pembeni ya familia yenye watoto ni hatari, na nimewaona majirani wakitoa machozi ya furaha siku tingatinga lilipofika. Lakini fuatilia fedha. Mfuko wa serikali kuu ulioitwa Hardest Hit Fund ulianzishwa kuwasaidia waliokuwa karibu kupoteza nyumba zao. Kuanzia 2013 sehemu yake iliruhusiwa kutumika kubomoa, na Detroit ilibomolea zaidi ya dola milioni 250. Kuangusha nyumba moja mara nyingi kumegharimu zaidi ya dola 10,000. Nimeingia nyumba ambazo sehemu ya fedha hiyo ingetosha kuziba paa, na wenyewe walikuwa wamekinga ndoo chumbani miaka mitatu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko ukuta wenyewe haujengwi tena, linabaki shimo lililojazwa udongo na nyasi juu yake. Kwa hiyo kwenye kikao chochote cha kupanga bajeti, wewe uwe mtu anayeuliza fungu la mapaa liko wapi.

Viwanja vitupu navyo vina wenyewe hata kama havina hati. Mamlaka ya Benki ya Ardhi ya Detroit, inayoshika nyumba na viwanja vilivyoachwa, humuuzia mwenye nyumba kiwanja kitupu kilicho pembeni yake kwa dola 100. Kabla hujaja na mchoro wa bustani, uliza nani amekuwa akifyeka nyasi pale. Mara nyingi yupo, na amefyeka miaka kumi na tano kwa mashine na mafuta yake. Mkipanda mboga bila kumuuliza, mmemnyang'anya. Kilimo cha mjini kinafanikiwa kikiwa mikononi mwa wenyeji: shamba la D-Town, ekari 7 ndani ya hifadhi ya Rouge, linaendeshwa na mtandao wa Wamarekani Weusi wa jiji hilo hilo.

Utakutana na mashaka, hasa ukianza kutaja "kuufufua mtaa". Wapo wazee ambao wazazi wao walikuwa na duka au kinyozi kwenye mtaa wa Hastings, kitongoji cha Weusi cha Black Bottom, kilichofutwa miaka ya 1950 kwa jina la maendeleo, na barabara kuu ikapita juu yake. Karibu na barabara ya 8 Mile upo ukuta wa 1941, uliojengwa kuwatenga Weusi na makazi ya Wazungu ili mikopo ya nyumba ipatikane upande wa pili. Nenda ukauone, bado umesimama. Ukitoka pale hutamwita mtu mkaidi kwa sababu tu amekataa kusaini karatasi yako.

Maduka yana somo lake, fupi. Barabara ya Livernois ilipojengwa upya 2019 ili ipendeze, wenye maduka walilalamika kwamba wateja walipotea miezi yote ya ujenzi. Panga fidia na njia ya kuingilia wateja kabla ya kuchimba.

Kazi yenyewe ni ya polepole. Mei 2024 yalitoka makadirio yaliyoonyesha idadi ya watu imeongezeka, kwa mara ya kwanza tangu 1957. Nilifurahi kweli, lakini mtaani kwangu hakuna aliyekuja mwaka ule. Tulichokuwa nacho ni kwamba hakuna aliyeondoka. Ukiahidi kurudi Alhamisi, rudi Alhamisi, hata kama huna jibu.

Ngazi za yule bibi tulizijenga kiangazi cha mwaka uliofuata, baada ya hati na kodi kukaa sawa. Fundi alitaka zege. Bibi akaomba mbao, vipandio vifupi, na kishikio upande wa kushoto, kwa kuwa goti la kushoto ndilo linalomuuma.