Rafu imenepa vidole viwili, yabeba kilo ngapi?

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mimi ni msomaji wako wa mtaa wa Langoni, hapa Lamu. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa madrasa, ametuachia vitabu vingi sana vya tafsiri na hadithi, juzuu kubwakubwa za jalada gumu. Nimenunua kabati la chipbodi la rafu tano, kila rafu futi nne hivi, mwezi wa tatu huu tangu nivipange na rafu za kati zishanepa, ukiangalia kwa mbele zimeshuka vidole viwili. Rafu kama hii yafaa kubeba kilo ngapi? Na chumba chenyewe ni cha ghorofani, nyumba ya kale ya mawe na boriti, mama ashaanza kuogopa ataka niviteremshe vyote. Na nina mtoto wa miaka miwili.

JIBU: Wa aleikum salaam dadangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Usiviteremshe vyote. Teremsha vya zile rafu zilizonepa, leo leo, uvipange juu ya mkeka, halafu soma hapa polepole.

Tuanze na uzito mana watu wengi hawaujui, kitabu kimoja mkononi chepesi. Riwaya ndogo zikipangwa zikajaa mita moja zafika kama kilo 18. Juzuu kama za mzee, za kimo cha sentimita 25 na upana 18, mita moja ni kilo 34 hivi. Vile vitabu vya picha vya karatasi ya kung'aa ndo vizito kabisa, vikubwa vyake vyapita 50. Sasa futi nne ni mita 1.2, kwa hivo kila rafu yako imebeba kama kilo 40, na zote tano ni 200, yani mifuko minne ya simiti. Ukitaka hakika chukua mizani ya kupimia watu, upime vitabu vya rafu moja kwa mafungu.

Lakini dadangu, kilo peke yake hazikwambii kitu. Swali la kwanza ni ubao umeegemea wapi na wapi, toka mhimili huu hadi huu ni umbali gani. Ubao ule ule na vitabu vile vile, ukikata umbali nusu, kunepa kwapungua mara 16! Si mara mbili, mara 16. Na ukiongeza unene wa ubao mara mbili, kwapungua mara 8. Chipbodi ya milimita 18 kwa futi nne na vitabu vizito kama vyako, hesabu yaniambia itanepa kama sentimita 3 tangu siku ya kwanza, ndo vidole vyako viwili hivo, na haisimami hapo kwa sababu chipbodi ni vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, mzigo ukikaa miezi yazidi kushuka yenyewe, na unyevu wetu huu wa pwani waiongezea uchovu. Umbali huo huo ukiwa futi mbili, kunepa ni milimita 2 tu.

Kwa hivo usinunue kabati jipya. Mwite seremala aweke mhimili wa kusimama katikati, wa rafu juu ya rafu mpaka chini kabisa, zile zilizonepa azipindue upande wa chini uje juu. Zile pini ndogo za pembeni asiziamini, tundu za chipbodi hufumuka, apigilie vipande vya ubao kwa skrubu chini ya kila rafu pande zote mbili. Ukija kujaliwa kutengeneza kabati la mbambakofi, ule mti mgumu, ubao wa inchi moja waweza kwenda sentimita 90 bila mhimili wa kati na vitabu hivi hivi, na hutauona umenepa.

Sakafu sasa. Mama ana haki ya kuuliza, ingawa sakafu zetu za kale zimebeba mawe na chokaa miaka na miaka. Tazama dari ya chumba cha chini uone boriti zimelala vipi. Kabati lisimame kwenye ule ukuta ambao vichwa vya boriti vimeingia, hapo mzigo wagawanyika kwa boriti nyingi na uko karibu na ukuta unaozibeba. Likikaa sambamba na boriti, kilo 200 zote zaangukia boriti moja au mbili, hilo silitaki. Na vile vichwa vyenyewe vikague, mana boriti huoza pale inapoingia ukutani, maji yakipenya toka juu. Choma kwa bisibisi, ikizama kama kwenye mkate wa mofa uliolowa, usiweke kabati hapo mpaka fundi wa nyumba aone.

Na mtoto. Hili nakusihi lisingoje wiki ijayo. Wa miaka miwili hupanda rafu kama ngazi, na kabati halihitaji kunepa ili limwangukie. Vitabu vizito viweke rafu za chini, juu ulifunge ukutani kwa vyuma viwili vya pembe. Chokaa ya juu haishiki skrubu, ni laini, tundu la drili lipite lifike kwenye jiwe, polepole bila kuipigisha nyundo. Acha upenyo wa vidole viwili nyuma, uwekee vipande vya mti, mana ukuta wa mawe huvuta unyevu na vitabu vya mzee vitaota ukungu masika yakiingia.

SWALI: Niko Malindi, nyumba ya kupanga, ukuta wa blok. Nataka rafu moja ya ukutani ya upana wa inchi 12, breketi mbili ndogo zatosha?

JIBU: Ndogo hapana kakangu. Mkono wa breketi ulio chini ya ubao ufike angalau thuluthi mbili ya upana wake, na ule mkono mrefu zaidi ndo ukae ukutani, mana kitabu kikikaa mbele chavuta skrubu ya juu itoke. Breketi zisiachane zaidi ya sentimita 60. Gonga ukuta kwanza, blok ikilia uwazi ujue ina matundu na plagi ya kawaida ya kushikia skrubu haitashika, tafuta sehemu nzima. Skrubu nunua za stenlesi, hewa ya chumvi hula zile za kawaida kwa ndani na wewe waona kichwa tu kizima.