"Ulitupa spana kazini": nahau za Kiingereza za kuharibu mipango

SWALI: Habari za kazi, mwalimu. Mimi ni mfasiri mchanga, natafsiri ripoti za miradi. Kwenye ripoti ya ujenzi wa zahanati nilikutana na sentensi "The delay at the port threw a spanner in the works". Nikaandika "Ucheleweshaji bandarini ulitupa spana kazini", mhariri akairudisha. Nikabadili, nikaweka "ulitia mchanga kwenye kitumbua", nayo ikarudi. Halafu kuna "upset the apple cart", "put a spoke in someone's wheel" na "rock the boat". Je, zote si kuharibu mambo tu?

JIBU: Mhariri wako yuko sahihi mara zote mbili, ila kwa sababu tofauti.

Tuanze na spana. "Works" hapo si kazi. Ni mitambo ya ndani ya mashine, yale magurudumu yenye meno yanayoshikana. Chuma kikidondokea katikati, meno yanakwama na mashine nzima inasimama. Hivyo ndivyo asemavyo Mwingereza. Mmarekani husema "monkey wrench", jamii ya ile mafundi wetu wanayoiita spana malaya, na hilo jina nalo nakuomba usije ukalitafsiri neno kwa neno. La kushika ni hili: nahau hii haihitaji mtu mwenye nia mbaya. Mvua, mgomo, umeme kukatika, mzigo kukwama, vyote vinaweza kutupa spana. Kinachoharibika ni mwenendo wa shughuli.

Kitumbua ni habari nyingine, kwa sababu kitumbua kina mwenyewe. Ukisema fulani katiwa mchanga kwenye kitumbua chake, msomaji anamwona mtu aliyekuwa karibu kula, na papo hapo anaanza kumtafuta aliyetia. Ni maneno ya dili, ya uchumba, ya cheo kilichoota mbawa. Kwenye kichwa cha habari cha gazeti la michezo yanakaa vizuri sana. Kwenye ripoti yako, mfadhili atadhani unamshutumu ofisa fulani wa bandari.

Kitumbua kingefaa zaidi kwa "put a spoke in someone's wheel", maana hapo kuna mtu anayemkusudia mwenzake. Usifikirie baiskeli, gurudumu la baiskeli haliendi bila spoki, sasa kuongeza moja kutaharibu nini? Maelezo yanayoingia akilini ni ya mikokoteni ya zamani yenye magurudumu ya ubao mzima: gongo lilipenyezwa kwenye tundu la gurudumu ili lisizunguke. Waholanzi nao wana msemo unaofanana na huu. Na sisi tumebahatika, tunasema kumwekea mtu kigingi. Hutapata kinachokaribiana zaidi ya hapo, tena kinafaa hata kwenye barua ya ofisini.

"Rock the boat" ndiyo inayowaponza wengi. Chombo kinatikiswa tu, hakijazama, na mara nyingi msemo hutumika kukataza: "Don't rock the boat". Sasa tazama anayesema. Kwa kawaida ni yule aliyekaa vizuri humo ndani. Anayetikisa huenda ndiye mwenye haki, kwa mfano mhasibu anayehoji risiti ambazo wenzake wote wameshazisaini. Ukiandika kwamba mhasibu huyo "anaharibu mipango", umeshamhukumu kabla ya msomaji. Mimi huandika "usitibue mambo" na kumwachia msomaji aamue.

"Upset the apple cart" inahusu mpangilio uliokwisha kutulia, kisha mtu akaupindua, kama mkokoteni wa matunda yaliyopangwa vizuri. "Kuvuruga mpangilio" inatosha. Usikimbilie "kupindua meza". Hiyo kwetu ni ya timu iliyotoka nyuma ikashinda.

Hukuuliza, lakini utakutana nayo: "a fly in the ointment". Imetoka kwenye Biblia, Mhubiri 10:1, nzi waliokufa wanaovundisha marhamu. Ni kasoro ndogo inayotia doa kitu kizuri. "Dosari" inatosha.

Na "queer someone's pitch" ya Waingereza haihusu uwanja wa mpira. "Pitch" ni pale mchuuzi anapopanga bidhaa zake barabarani, kwa hiyo machinga yeyote angekutafsiria bila kamusi: kumharibia mtu kijiwe.

Kwa sentensi yako, ningeandika hivi: "Kukwama kwa mzigo bandarini kulivuruga ratiba nzima ya ujenzi." Nahau haimo, na mhariri hataigusa. Ripoti ikija kugeuzwa makala ya redio, hapo ongeza chumvi: "Kazi ilikuwa imeshika kasi, mara mzigo ukakwama bandarini, kila kitu kikasimama."