Maswali ya Wasomaji: Safari ya Kwenda Kazini Ni Ipi?

SWALI: Mimi ni fundi mitambo. Kwa kawaida huripoti ofisini asubuhi, lakini mara nyingine msimamizi wangu hunipigia simu usiku akinitaka kesho yake niende kwa mteja moja kwa moja kutoka nyumbani. Mwajiri anadai kwamba hiyo nayo ni safari ya kwenda kazini tu, hivyo nauli na muda ni juu yangu. Je, ni haki?

JIBU: Kwa maoni yangu si haki, kwa sababu mwajiri wako amechanganya safari mbili zisizofanana. Safari ya kwenda kazini ni ile ya kutoka unapoishi hadi kituo chako cha kazi cha kila siku, na kurudi. Umbali wake unatokana na mahali ulipoamua kuishi, na ndiyo maana katika nchi nyingi muda wake hauhesabiwi kuwa wa kazi. Unapotumwa kwa mteja, anayepanga uende wapi na ufike saa ngapi ni mwajiri, nawe huna hiari ya kukataa.

Mwaka 2015 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri la mafundi wa Hispania ambao kampuni yao ilikuwa imefunga ofisi za mikoani, wakawa wanatoka nyumbani na gari la kampuni, orodha ya wateja ikiwafikia kwa simu. Mahakama ilisema kwamba muda wa kwenda kwa mteja wa kwanza na wa kurudi kutoka kwa wa mwisho ni muda wa kazi. Uamuzi huo uliwahusu wasio na kituo maalumu, nao haukupanga kiwango cha malipo, lakini hoja yake inakusaidia.

Ajali ni suala jingine. Itifaki ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2002 inaitambua ajali ya njiani kuwa ile inayotokea katika njia ya moja kwa moja kati ya kazini na makazi ya mfanyakazi, au mahali anapokula au kupokelea mshahara kwa kawaida. Kwa hiyo hata ajali katika safari isiyolipwa yaweza kustahili fidia, ikiwa sheria ya nchi yako inaruhusu, ila ukichepuka kwa shughuli zako binafsi dai lako linaweza kukataliwa.

Soma mkataba wako uone kituo cha kazi kilichotajwa, kisha mwombe msimamizi akutumie maagizo hayo ya usiku kwa maandishi.