Maswali ya wakerezaji: bakuli limepasuka tena

Shikamoo fundi. Nimekereza bakuli la mparachichi nikaliweka kabatini, na baada ya wiki mbili limepasuka. Nipake vanishi gani? (Msomaji, Tukuyu)

Marahaba. Tangu masika yaishe swali hili limenifikia kwa sura nyingi, na kila anayeuliza anataka jina la vanishi, ilhali hakuna vanishi inayouzuia mti mbichi kukauka. Mti hunywea takribani mara mbili zaidi kwa kufuata mzingo wa pete zake kuliko kwa kufuata mstari utokao kwenye kiini hadi gome. Ndiyo maana kipande kilichobaki na kiini ndani yake hupasuka hata kikipakwa nini. Lipasue gogo katikati kwa urefu siku ileile lilipoangushwa, ukitoe kiini chote, kisha uzipake ncha nta au rangi nzito ya mafuta, kwa kuwa maji hutokea nchani haraka kuliko ubavuni.

Bakuli nalo likerezwe kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza liache na unene wa sehemu moja ya kumi ya kipenyo chake, yaani la sentimita 30 libaki na ukuta wa sentimita 3, ulizike katika maranda yake ndani ya mfuko wa karatasi (wa plastiki huotesha ukungu), mbali na jiko na dirisha, na ulipime kwa mizani kila wiki. Uzito ukikoma kupungua, lirudishe kwenye mashine ya kukereza, ile inayouzungusha mti ukichongwa kwa patasi. Litakuwa limepinda, na ule unene uliouacha ndio utakaokuwezesha kulipata duara upya. Wewe wa Tukuyu una unyevu unaokusaidia. Anayekereza Mbeya mjini mwezi Agosti, katika upepo ule mkavu, ajihadhari maradufu.

Je, misindano ya shamba la miti la Sao Hill inafaa kukerezwa? (Msomaji, Mafinga)

Inafaa kujifunzia, na itakufundisha kunoa, kwa sababu pete zake laini na ngumu hupishana na patasi butu huzing'oa nyuzi badala ya kuzikata. Wengi wakishaichoka hukimbilia mninga, nami sioni sababu ya kuangusha mti wa miombo kwa ajili ya bakuli la karanga, achilia mbali kwamba mbao hizo hazisafirishwi bila hati ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mgrevilea uliokatwa shambani una madoa mazuri kuliko unavyodhani, na visiki vya mibuni mikongwe iliyong'olewa Mbozi hutoa vyombo vidogo vya maua vya kupendeza.

Nikifunga kipande kikubwa mashine inatikisika hadi inahama. Nifanyeje? (Msomaji, Makambako)

Izime. Kipunguze kipande kwa shoka au msumeno hadi kikaribie duara, ukizungushe kwa mkono kuhakikisha hakigusi kiegemeo cha patasi, kisha uanze chini ya mizunguko 500 kwa dakika. Vaa ngao ya uso mzima, si miwani pekee, na vua glavu, kwani mashine ikiinasa glavu huuvuta na mkono.

Chombo cha maua cha mbao kinaweza kutiwa maji? (Msomaji, Njombe)

Hapana, tumbukiza chupa ya kioo ndani yake, maji yakae humo.

Nakereza barazani na mtoto anakohoa. Barakoa ya kitambaa inatosha? (Msomaji, Iringa)

Haitoshi kwako, na mtoto hana hata hiyo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliorodhesha vumbi la mbao mwaka 1995 miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, hasa ya pua, na vumbi la mninga huwasumbua wengi kwa pumu. Hamisha mashine leo, uvae barakoa ya kuchuja vumbi laini, hasa unapopiga msasa. Tena, kwa kuwa hukuuliza: matambara uliyopakia mafuta ya kitani usiyarundike pembeni, kwa maana hujipasha joto yenyewe hadi yakawaka. Yatandaze nje moja moja yakauke, au yazamishe kwenye ndoo ya maji kabla hujaenda kulala.